Kura Tisa za Watu Wanane

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, Jumapili ya pili ya Mei, kura tisa zilitoka ndani ya helmeti. Waliopiga kura walikuwa wanane.

Helmeti yenyewe ilikuwa ya bodaboda, imewekwa juu ya meza sebuleni kwa Mwalimu Ambindwile, Msasani, Tukuyu. Aliyezimwaga kura ni Godwin, fundi magari wa mjini. Miezi yote iliyopita Mwalimu, msimamizi wa uchaguzi, ndiye aliyekuwa akitia mkono ndani, anachomoa moja, anasoma, anaweka pembeni, anachomoa nyingine. Safari hii Godwin alimwahi. Akaipindua helmeti mezani, akasema leo kila mtu aone kwa macho yake, amechoka kusomewa kama mtoto wa chekechea. Mkono wa Mwalimu ukabaki hewani.

Wakazikunjua karatasi, wakazipanga mafungu mawili. Verossa tano. Caldina nne. Watu wa Verossa wakaanza kupigana mabega na kushikana mikono. Khalidi, mwenye Caldina, hakununa. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Tano na nne ni ngapi?" akauliza.

Mikono iliyokuwa inashikana ikaachiana. Mvua iliendelea kuongea juu ya bati.

Kikundi chao kilikuwa na katiba, muhuri, mwenyekiti, katibu na dereva. Kitu pekee ambacho hakikuwa nacho ni gari. Walitaka kuingia kwenye mashindano ya mita mia nne kule Mbeya, yale ya magari mawili kusimama sambamba, taa ikiwaka kila mmoja anakanyaga mafuta mpaka mwisho wa mstari. Kikao cha kwanza kabisa walikubaliana jambo moja, kwamba gari liwe la zamani na liwe na tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi na injini ya kawaida inahema kama mtu aliyebebeshwa gunia la viazi. Baada ya hapo hawakukubaliana tena juu ya kitu chochote.

Magari yalikuwa mawili. Verossa ya mwaka 2001 ilikuwa gereji kwa Godwin, injini ya silinda sita, gia za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Caldina ya mwaka 1998 ilikuwa ya Khalidi, silinda nne, inavutwa na magurudumu yote manne. Watu wa Verossa walisema injini kubwa ndiyo injini, mengine ni maneno. Watu wa Caldina walisema kwa mvua za Tukuyu hiyo Verossa itabaki inaparua lami kama kuku, mwenzake kashafika. Watu wa Verossa wakasema mashindano ni Mbeya, na ni kiangazi. Watu wa Caldina wakauliza, kiangazi cha wapi?

Hayo maneno yalikuwa na miezi minane. Wapiga kura wanane, wanne huku na wanne kule, na kila mtu alijua nani ni wa wapi. Kila Jumapili wanabishana, kila mwezi wanapiga kura, kila mwezi nne kwa nne. Mwezi wa pili waliwahi kurudia uchaguzi mara sita kwa siku moja, zikatoka nne kwa nne mara sita, wakatawanyika hawasemezani.

Caldina yenyewe ilikuwa uani kwa Mwalimu tangu Oktoba, mawe yamewekwa chini ya matairi isije ikaserereka, ikisubiri uamuzi. Khalidi alikuwa amepanga chumba mjini, hana pa kuiweka. Kuku walikuwa wanatagia chini ya injini, na chanja za kuanikia kahawa Mwalimu alikuwa amezisimamisha zikiegemea milango yake, maana pa kuzilaza palikuwa pamekaliwa.

Hajira ndiye alikuwa dereva. Mchana wa siku za kazi aliuza spea pale mjini. Kwa kuwa gari lolote litakalochaguliwa yeye ndiye ataliendesha, katiba ilimnyima kura, asije akalaumiwa. Miezi minane alikaa pale barazani kwa Mwalimu akisikiliza watu wakimchagulia kiti chake. Waandaaji wa mashindano walikuwa wamempa kibali cha muda cha udereva, kinachotolewa mara moja tu kwa mtu. Asipokitumia msimu huu kinakufa, naye hapewi kingine. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa kwenye simu yake, imejazwa yote isipokuwa pale penye aina ya gari. Ilikuwa inafungwa leo, saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo wengine walipoanza kubishana nani mwizi, yeye alikuwa anaangalia saa.

"Kaeni chini," akasema. "Ibara ya tisa ya katiba yenu inasema mwanachama akibainika kudanganya kwenye kura, kura yake inafutwa. Sivyo, Lukasi?"

Lukasi, katibu wa kikundi, akaitikia kwamba ndivyo.

"Basi hamuoni? Nikimpata aliyetia kura ya pili, namtoa. Wanabaki saba. Saba haigawanyiki. Leo tunapata gari."

Kila mtu akapiga hesabu kichwani. Halafu kila upande ukagundua kwamba mwizi akitoka upande wa pili, wao ndio wanashinda, na kelele zikaanza upya. Hajira alifumba macho mpaka zikapungua. Akatangaza kwamba hakuna kutoka. Akaziacha karatasi zilivyo, mafungu mawili mezani, akaanza kuita mmoja mmoja.

Saa nane na nusu akaanza na Lukasi, kwa sababu karatasi zilikuwa zake. Lukasi alitokea Isongole asubuhi hiyo kwa bodaboda, kaunta buku kaliweka kwapani, na mvua ilimnyeshea njia nzima. Alipofika alichana ukurasa mmoja mbele ya wote, akaukunja mara tatu, akaupasua vipande vinane, akagawa mkononi kimoja kimoja. Hajira mwenyewe alikuwa anamwangalia.

"Ulibaki na kipande?" Hajira aliuliza.

"Dada, nane kwa watu nane. Na changu nikapigia."

"Kurasa nyingine?"

Lukasi akamsukumia kaunta buku. Lilikuwa limevimba kwa maji kama mkate. Lilikuwa limeshachanwa kurasa nyingi kiasi kwamba kuhesabu vishina kusingesaidia kitu. Ilikuwa ni miezi minane ya chaguzi. Lukasi akasema kwa sauti ndogo kwamba kama wanamwona yeye mwizi, yeye atapanda bodaboda arudi kwenye viazi vyake, na muhuri wao huo hapo. Akauweka mezani kweli. Hajira akamwambia auweke mfukoni.

Wa pili alikuwa Khalidi, na huyu Godwin ndiye aliyemchongea. Godwin alieleza kwa ufundi mkubwa: Khalidi alijua Verossa itashinda, kwa hiyo alitia kura ya Verossa ya ziada makusudi, ili uchaguzi uharibike. Hajira alikubali moyoni kwamba ni akili ya kishetani, na kwamba Khalidi anayo.

"Mimi nikitaka kuharibu uchaguzi," Khalidi akasema, "nasimama hapa nasema nimeuharibu. Mnanijua. Tena Verossa itashindaje? Miezi minane nne kwa nne, leo ndiyo nikajua imeshinda? Nilimuuliza nani, mganga?"

Hilo lilikuwa na ukweli. Zaidi ya hapo Khalidi ndiye aliyepiga kura wa kwanza. Kila mtu aliingia sebuleni peke yake, akaandika kwa kalamu ya Mwalimu, akatumbukiza, akatoka. Khalidi alipotoka alikuja kukaa barazani karibu na Hajira, akilalamika kwamba karatasi ya Lukasi inakunywa wino, mwandiko wake umeota ndevu. Hakuingia tena ndani mpaka wakati wa kuhesabu.

Saa tisa na robo. Hakuna kitu. Hajira alitoka barazani, akasimama, akaitazama mvua ikishuka upande wa mlima. Alikuwa na hamu ya kumpiga mtu, ila hakujua aanze na nani. Akarudi ndani.

Akafikiria hivi. Siku zote ni nne kwa nne. Leo Verossa ni tano. Kwa hiyo karatasi ya ziada iko kwenye fungu la Verossa. Akazitandaza zile tano, akawauliza watu wa Verossa kila mtu achukue ya kwake. Kura ni siri, lakini watu wa Verossa hawakuwa na siri. Godwin akachukua iliyoandikwa VEROSSA kwa herufi kubwa na esi mbili, kama ilivyo nyuma ya gari. Lukasi akachukua yenye mwandiko wa katibu. Wawili waliobaki, vijana wa bodaboda, wakachukua zao, zote Verosa ya esi moja. Ya tano haikupata mwenyewe.

Ilikuwa imeandikwa Velosa.

Nyumba nzima ikageuza shingo. Pale ndani watu waliolelewa kwa Kinyakyusa kitupu, ambao herufi re ya Kiswahili iliwakuta ulimi umeshakomaa, walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Mwalimu Ambindwile, ambaye mchana huo, kabla ya kuhesabu, alikuwa ametangaza kwamba "kula zimekwisha" na hakuna aliyecheka kwa kuwa wamemzoea. Wa pili alikuwa Mzee Simon, mkulima wa migomba wa Masoko, miaka hamsini na nane, anayependa magari kuliko vijana wote wale. Mzee Simon alikuwa mtu wa Caldina tangu siku ya kwanza.

Hajira akaanza na mwenye nyumba, kwa adabu. Akamuuliza yeye analitamkaje lile gari la Godwin.

"Velosa," akasema Mwalimu. Akacheka kidogo. "Unanishuku, Hajila? Mimi nasema hivyo, siandiki hivyo. Nimefundisha imla miaka thelathini na nne. Watoto wa huku wote walikuwa wananiandikia 'mlango wa balabala'. Nilijifunza dawa yake, nikawafundisha. Ulimi ukisema le, mkono unaandika ile nyingine. Lete kalamu."

Akaandika, mwandiko wa ubaoni, uliosimama wima: Verosa. Re ilikuwa mahali pake. Zaidi ya hapo Mwalimu hakuwa na kura, hakuwa na upande. Walimchagua msimamizi kwa sababu hakujua hata tabo inakaa sehemu gani ya gari.

Basi akabaki Mzee Simon.

Mzee Simon alikaa kwenye stuli, kofia magotini, akitazama sakafu. Hajira akamuuliza kama aliandika Velosa. Akasema hapana. Akamuuliza alipigia nini. Akasema Kaldina. Alimuuliza mara ya pili na ya tatu, na kila mara lilitoka neno hilohilo, dogo kuliko mwanzo. Wenzake wa Caldina wakasimama upande wake. Wakaonyesha fungu lao: kura nne, watu wanne, wote wanne wameshasema wamepigia Caldina. Hesabu imekaa sawa. Mnamsumbua mzee wa watu kwa nini?

Godwin hapo ndipo alipopata mwanga.

"Hesabu imekaa sawa kabisa," akasema. "Kapiga ya Caldina mbele za watu, katia na ya Velosa ya pili kuvuruga. Ibara ya tisa. Kura yake inafutwa, Caldina inabaki tatu. Ile Velosa naitupa, sisi tunabaki nne. Nne kwa tatu. Hajira, jaza fomu."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Hajira alikuwa ameshika simu. Kidole chake kilikuwa juu ya pale penye aina ya gari, na neno Verossa lilikuwa linajiandika lenyewe kichwani. Miezi minane. Akamtazama Mzee Simon, ambaye alikuwa bado anakunja kofia yake na kuikunjua. Mtu aliyefanya ujanja mkubwa hivyo angekuwa na jibu la ujanja. Huyu alikuwa na aibu tu, tena aibu ya mtu ambaye hajaulizwa swali lenyewe.

Akaweka simu chini. Godwin akaguna, akasema basi tusubiri na mwakani, tusubiri mpaka tuzikwe.

Hajira akaichukua ile karatasi ya Velosa, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Herufi zilikuwa zimefumka, wino umetoa nyuzi pembeni. Ndevu. Akachukua ya Godwin: ndevu. Ya Lukasi, za wale vijana: ndevu zote. Karatasi za kaunta buku lililonyeshewa, zimekunywa wino uleule.

Akapiga hesabu tena. Karatasi tano za Verossa, na zote tano zilitoka kwenye ukurasa mmoja uliolowa. Lukasi aligawa vipande vinane, si zaidi. Kama kipande cha ziada kilitoka mahali pengine, basi hakikuwa kwenye fungu hili. Wamekaa saa tatu wakichambua fungu ambalo halina kosa.

Lile la Caldina hakuna aliyeligusa. Lilikuwa palepale mezani, mtu kaliwekea kikombe cha chai juu.

Akaondoa kikombe. Akaziinua moja moja dirishani. Caldina, ndevu. Kaldina, ndevu. Caldina tena, ndevu nyingi, hii ilikuwa ya Khalidi bila shaka. Ya nne ilikuwa kavu, wino umekaa safi, herufi zimesimama wima kama zimenyolewa asubuhi hiyo. Na neno lenyewe halikuwa Caldina wala Kaldina.

Hajira alilisoma mara mbili. Kisha akageuka.

"Mzee Simon," akasema, "safari hii nakuuliza swali jingine. Sikuulizi kama umepiga kura mbili. Najua umepiga moja. Ulibadilisha?"

Mzee Simon aliinua uso. Aliwatazama wenzake wa Caldina, watu watatu aliokaa nao upande mmoja miezi minane.

"Nilibadilisha," akasema. "Mnisamehe. Kaldina ndiyo gali. Mimi bado nasema Kaldina ndiyo gali. Lakini mke wangu ananiuliza kila Jumapili naenda wapi, nikimwambia naenda kuchagua gali ananiuliza, bado? Nimechoka. Sikupigia gali kula. Nilipigia Jumapili zangu."

 Khalidi akageuka kutazama dirishani, lilipo gari lake.

"Sasa ngoja," akasema Lukasi polepole, "kama Velosa ni yake na ni halali, basi Verossa tano ni halali. Caldina wamebaki watatu. Na karatasi ziko nne."

"Ndiyo," Hajira akasema. "Kura ya ziada iko upande wa Caldina. Na karatasi yake haijawahi kunyeshewa na mvua ya Isongole. Imetoka humuhumu ndani ya nyumba."

Alichukua karatasi tupu na ile kalamu, akaviweka mbele ya Mwalimu Ambindwile. Aliviweka kwa mikono miwili, maana mtu mwenyewe alishawafundisha nusu ya waliokuwa mle ndani.

"Shikamoo tena, Mwalimu. Naomba utuandikie jina la gari la Khalidi. Kwa ajili ya muhtasari."

Mwalimu alimtazama. Kisha akatazama kalamu. Angeweza kukataa, mwenye nyumba ni yeye. Lakini alikuwa mwalimu, na aliyeombwa kuandika neno huandika. Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, bila haraka.

Kardina.

Hajira akaiweka ile karatasi kavu pembeni yake. Kardina na Kardina, kama mapacha.

"Mwalimu," Khalidi akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "gari langu lina le."

"Lina le?"

"Lina le, Mwalimu. Nyuma limeandikwa."

Mwalimu Ambindwile aliyapitia yale maneno mawili kwa kidole, herufi kwa herufi. "Miezi yote hii," akasema, "nilidhani ni ulimi wangu tu."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Godwin akauliza kwa nini, na aliuliza kwa uchungu, kwa sababu kama kuna mtu wasiyewahi kumfikiria ni huyo. Hana kura, hana upande, hajui tabo.

"Tabo sijui," Mwalimu akasema. "Kahawa naijua. Njoo hapa dilishani. Unaona nini?"

Godwin akasema anaona Caldina.

"Mimi naona mahali pa chanja zangu. Oktoba mlisema wiki mbili. Kahawa imeanza kuiva, naanika wapi, kitandani? Nimewaomba mala nne. Mala nne mmeniambia baada ya uamuzi, Mwalimu, baada ya uamuzi. Uamuzi hauji. Na nikapiga hesabu: ikishinda Velosa, hii nani atakuja kuichukua? Itaota mizizi. Ikishinda hiyohiyo, kesho asubuhi mnakuja wenyewe mnaisukuma."

"Lakini tisa, Mwalimu," Lukasi akasema, kama anayemwonea huruma. "Wewe ulitufundisha hesabu."

Hapo Mwalimu alikasirika kwa mara ya kwanza.

"Sikukusudia tisa. Unanionaje? Nilikusudia nane. Nimetia moja yangu, na wakati wa kusoma ningefinya moja ya Velosa kwenye kiganja. Nane zinabaki nane, tano kwa tatu, watu wanakwenda nyumbani. Huyu," akamwonyesha Godwin kwa kidevu, "akamwaga."

Hajira alikaa chini. Mzee wa miaka sabini kaiba kura ili apate uwanja wake mwenyewe, kwenye nyumba yake mwenyewe, baada ya kuomba vizuri mara nne. Alitafuta hasira aliyokuwa nayo tangu saa nane, akaikuta, ila haikutaka tena kumwelekea Mwalimu. Ilikuwa inazunguka chumba kizima, ikipita juu ya kila kichwa, na kichwa chake yeye kikiwemo, kwa sababu mara mbili katika zile nne yeye ndiye aliyemjibu Mwalimu asubiri.

Godwin akasoma ibara ya tisa tena kwa sauti, akakwama. Kura ya mdanganyifu inafutwa, lakini mdanganyifu hana kura. Wakaanza kubishana kama ibara inamhusu msimamizi, na Neema, mwenyekiti wao, ambaye siku nzima alikuwa anajaribu kusema kitu na hapewi nafasi, akagonga meza kwa helmeti. Alikuwa mtu wa Caldina tangu mwanzo, na aliyoyasema yalimuuma, lakini aliyasema. Karatasi kavu inatupwa. Zinabaki nane. Verossa tano, Caldina tatu. Uchaguzi umeisha, tena umeisha kihalali, mtu mmoja kabadilisha mawazo na ndiyo maana ya kupiga kura. Na Mwalimu kuanzia leo haruhusiwi kusimamia uchaguzi wowote wa kikundi hiki mpaka mwisho wa maisha yake.

"Ndaga fijo," akasema Mwalimu, akishukuru kwa Kinyakyusa kama mtu aliyepewa zawadi.

Khalidi ndiye aliyetoka wa kwanza, bila kuambiwa, akaenda kuondoa mawe chini ya matairi. Wengine wakamfuata kwenye mvua. Godwin alishika usukani kupitia dirishani, Mzee Simon akasukuma nyuma karibu na Khalidi, na hawakuongea, ila bega la mmoja lilikuwa limegusa la mwenzake. Kuku walitoka chini wakilaani. Ilichukua dakika nne kuifikisha barabarani, kesho ivutwe mpaka gereji kwa Godwin. Wakarudi wamelowa, wakakuta Mwalimu yuko uani chini ya mwavuli, anapima ardhi kwa hatua.

Saa kumi na moja na dakika hamsini Hajira alijaza aina ya gari. Akabonyeza kutuma. Simu ikakataa. Kulikuwa na swali jingine lililojificha chini, ambalo halikuwa limefunguka mpaka aina ya gari ijazwe: rangi.

"Nyeupe," akasema Godwin. "Ndiyo ilivyo."

"Ila tulisema tutaipaka," akasema kijana mmoja wa bodaboda.

"Nani alisema? Lini? Ikipakwa ipakwe bluu, na mimi naona—"

Lukasi alikuwa ameshatia mkono kwenye kaunta buku, ameshika ukurasa, anataka kuchana.

Hajira hakuinua uso. Aliandika nyeupe, akabonyeza kutuma, na akaishika simu kwa mikono miwili mpaka duara dogo likaacha kuzunguka na ujumbe ukaja kwamba usajili umepokelewa, saa kumi na moja na dakika hamsini na tatu. Akawasomea, jina lake kwanza, kisha gari.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamekaa barazani mstari mmoja, nguo zinawachuruzika, na kwa mara ya kwanza ndani ya miezi minane hakukuwa na cha kujadili. Dakika zikapita. Hakuna aliyejua mtu anaondokaje kwenye kikao kilichoisha.

Hajira akasimama, akafunga mtandio wake vizuri, akamwambia Godwin ampe ufunguo wa Verossa.